Usinambie Neno la Siri

Ukimuuliza swali, alijibu. Watu wa mtaa wetu walikuwa na utani wao: kama una haraka, usimwambie Mkalimani "habari za asubuhi," kwa maana atakupa habari zenyewe, moja baada ya moja, mpaka ya goti lake la kushoto. Nyumba yetu na yake huko Langoni zilipakana ukuta kwa ukuta, na tangu nikiwa msichana nilikuwa nikimsikia akizungumza hata na simu. Yule mwanamke wa kurekodiwa asemaye kwamba mteja hapatikani, Mkalimani alimwambia, "Ahsante bibi, nitajaribu tena." Mara ya kwanza nilicheka mpaka mamangu akanifinya. Siku hizi nikilikumbuka jambo hilo sicheki.

Jina alikuwa nalo, ila hapa Amu, mji wa Lamu, hakuna aliyelitumia. Alikuwa mkalimani wa mahakama. Alisimama kati ya kizimba na meza ya hakimu miaka na miaka, akipokea Kiamu na Kibajuni upande huu na kutoa Kiingereza upande wa pili. Mahakimu walikuja, wakahamishwa, yeye akabaki. Alipostaafu, kazi iliondoka na jina likabaki. Mimi nilimwita Ami, kama tunavyowaita wazee wa rika la baba zetu, naye aliniita mwanangu, na hakuwa akisema tu.

Hakutoka nje bila koti. Hata kwenye joto la kaskazi, wakati wanaume wenziwe wamekaa na vikoi na fulana, yeye alipita na koti la kijivu, suruali yenye mkunjo, na mwavuli. Punda akimziba kichochoro, alimwambia samahani, akangoja. Alipofika barazani alitoa salamu, akaitikiwa, akaenda zake. Hakuketi. Wengine walidhani ni kiburi cha mtu aliyezoea mahakimu. Bi Zena, mkewe, ndiye aliyenieleza sababu.

"Akikaa ataulizwa mambo ya kesi," alisema. "Na akiulizwa hawezi kunyamaza, wala kudanganya hawezi. Basi hakai."

Ndivyo alivyokuwa amejilinda umri wake wote: kwa kutokaa mahali penye maswali.

Wako waliomchukia. Zamani ndugu wawili wa mtaa wa Mkomani waligombania ukuta, mdogo akamwambia mkubwa mbele za watu, "Nitakuua." Hapa kwetu mama humwambia mwanawe nitakuua asubuhi, na jioni humkunia nazi ya mahamri. Kila mtu mahakamani alilijua hilo isipokuwa hakimu, mtu wa bara ambaye hata joto la Amu alikuwa hajalizoea. Mkalimani alilitoa neno kwa Kiingereza kama lilivyotamkwa. Yule mdogo akafungwa. Alitoka gerezani na kifua kibovu, akahamia Mombasa, na hata mamake alipofariki hakuja kuzika.

Nilipopata umri wa kuthubutu, nilimuuliza. "Ami, hukuweza kumwambia hakimu kuwa ni maneno tu?"

"Hakuniuliza," alisema. "Lau angaliniuliza, ningalimjibu."

Lakini mama wa ndugu wale, kila Ijumaa mpaka alipokufa, aliletewa sinia la wali kutoka nyumba ya Mkalimani. Bi Zena alilibeba mwenyewe ndani ya buibui, na akiulizwa alisema ni chakula kilichobaki jikoni. Hakikuwa kimebaki. Nilimwona Mkalimani kwa macho yangu akilipakua kabla hata ya wenyewe kula, amevua koti, akichambua samaki kwa vidole ili bibi yule mzee asikwamwe na mwiba.

Kompyuta aliletewa na Athman, mtoto wao pekee, anayefanya kazi Mombasa. Alitaka wazazi wawaone wajukuu. Iliwekwa sebuleni, juu ya meza ndogo chini ya kidaka cha ukutani chenye misahafu, na Bi Zena akaishonea kitambaa cha kuifunika isiingie vumbi la chokaa. Mimi nina kibanda cha kuchapa na kutengeneza kompyuta karibu na soko, kwa hivyo kumfundisha kuliniangukia mimi.

Alijifunza kwa bidii iliyonitia huruma. Alichapa kwa vidole viwili, kwa bismillahi, na hakuacha koma hata moja. Muda si muda watu wakaanza kumjia. Huyu ana hati ya shamba iliyoandikwa Kiingereza cha mawakili, huyu mwanawe yuko Uarabuni na mkataba wake haueleweki. Waliokuwa mbali, wa Faza na Kizingitini, walimtumia picha za karatasi zao, naye akawarudishia tafsiri siku ileile bila kutaka malipo. Nyumba ile iliyokuwa kimya tangu alipostaafu ikarudi kuwa na hodi mlangoni. Bi Zena alilalamika kuhusu viatu vya wageni kwenye ngazi, huku akiongeza vikombe.

Shida ni kwamba alimjibu kila mtu. Tangazo la viatu likiingia, aliliandikia jibu: ndugu, nawashukuru kwa taarifa yenu, ila viatu nilivyo navyo vyatosha. Aliandika hivyo kwa Kiingereza safi, akaweka na jina lake kamili chini.

"Ami," nilimwambia, "si kila anayeandika humu ni mtu. Nyingine ni mashine."

"Na mashine ilifunzwa na nani kusema?"

"Na watu."

"Basi namjibu huyo."

Nilimwekea ulinzi wa kawaida, nikamwonya asibonyeze asichokijua. Aliniitikia kwa heshima, akinisikiliza vilevile alivyokuwa akimsikiliza shahidi, neno kwa neno. Lakini mtu aliyekuja kumnasa hakuja na kitu asichokijua. Alikuja na kitu ambacho Mkalimani alikijua kuliko sisi sote.

Ilikuwa baada ya alasiri. Alikuwa akisoma habari, skrini ikageuka nyekundu na king'ora kikalia. Katikati palikuwa na maandishi: kompyuta yako imefungwa, usiizime, piga simu nambari hii mara moja, la sivyo hatua zitachukuliwa. Mimi ningeizima papo hapo nikaendelea na chai yangu. Yeye alivaa koti kwanza. Aliniambia baadaye kwamba aliisoma mara mbili, jinsi alivyokuwa akiwasomea watu hati za wito, na alikuwa amewaona waliozipuuza hati za namna ile wakiletwa kwa pingu.

Akapiga. Akapokewa na kijana wa sauti ya upole, mwenye Kiingereza kilichonyooka, aliyemwita "sir" kila baada ya neno. Tangu atoke mahakamani hapakuwa na mtu aliyemwita hivyo. Kijana akauliza jina lake, akaambiwa. Akauliza neno la siri, akaambiwa. Akamwomba aweke programu moja ndogo ili fundi aione kompyuta kutoka huko aliko, naye akaiweka, hatua kwa hatua, akisema "nimefanya" baada ya kila hatua. Akaulizwa ana watoto wangapi, marafiki zake ni akina nani, nani wa karibu zaidi. Akajibu yote. Kijana akamwambia matengenezo yatachukua siku kadhaa, aiache kompyuta ikiwaka, na simu yake aizime ili isiingiliane na mitambo. Mkalimani akaizima.

Tulijua kwa sababu ya uji. Asubuhi moja jirani mmoja alipanda ngazi za Mkalimani na birika la uji, machozi yakimlengalenga, akamkumbatia Bi Zena. "Pole, dada yangu. Mungu atamponya huko huko Mombasa, atarudi kwa miguu yake."

"Nani huyo?" Bi Zena aliuliza.

"Mumeo. Si amelazwa?"

Bi Zena akanyoosha mwiko kuelekea sebuleni. "Mume wangu ni yule, anakula mkate."

Nikaitwa. Nilipoingia, Mkalimani alikuwa ameketi kando ya meza, mikono juu ya magoti, na kwenye skrini mshale ulikuwa ukitembea peke yake. Uliufungua ujumbe mmoja, ukaufunga, ukafungua mwingine. Maneno yakaanza kuandikika mbele yetu, herufi moja moja, pasipo mkono. *Ndugu yangu nipo hospitali hali mbaya naomba usaidizi wa haraka usimwambie mtu.* Chini yake jina la Mkalimani.

Niliung'oa waya wa intaneti ukutani.

"Mwanangu!" Mkalimani aliinuka. "Hawayamaliza."

"Kumaliza nini, Ami?"

"Kuitengeneza."

Nilimkalisha, nikamweleza. Sikupata njia ya kulisema kwa ulaini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu. "Kwa ina langu?"

"Kwa jina lako."

Akaomba simu yake, akaiwasha. Hakunywa chai, hakuvua koti. Alimpigia kila mtu aliyemjua, wakubwa kwa wadogo, na kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale kwa sauti ileile: "Aliyekuandikia si mimi. Mimi ni mzima. Usitume kitu. Kama umetuma, nisamehe." Wengi walikuwa hawajatuma. Wachache walikuwa wametuma kidogo, wakamwambia haidhuru, wanashukuru yu mzima. Mtu mmoja hakupatikana siku ile, kwa sababu mtandao wa kisiwani Ndau huja na kutoweka. Huyo alikuwa Mzee Lali.

Mzee Lali ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni pa mahakama na kuita majina ya wenye kesi. Sauti yake ilifika mpaka kwenye gati. Yeye na Mkalimani walifanya kazi pamoja ujana wao wote, mmoja akiwaingiza watu, mwingine akiwasemea, na saa ya mapumziko walikula sahani moja. Alipostaafu alirudi kwao Ndau. Macho yalikuwa yakimsumbua. Madaktari walisema ni presha ya macho, na kwamba asipofanyiwa upasuaji mapema mwangaza utakatika na hautarudi. Alikuwa ameshajiwekea akiba ya kwenda Mombasa na ya hospitali huko. Siku ya safari ilikuwa imepangwa.

Kesho yake simu ikashika. Aliyepokea ni mke wa mwanawe. Mkalimani akasema maneno yake, kisha akasikiliza. Nilikuwa mbele yake. Nilimwona akifunga vifungo vya koti vyote, mpaka cha juu ambacho hakuwa akikifunga.

"Ametuma," alisema alipoiweka simu. "Ametuma zote."

Tulikwenda kituo cha polisi, tukaandikiwa taarifa, tukaambiwa kwamba watu hao huenda hawako hata nchi hii. Athman alijaribu kukopa, Bi Zena akauza bangili zake. Lakini mambo hayo huchukua muda, na jicho lilikuwa halingoji. Mzee Lali alipofika Mombasa, daktari alimulika tochi, akaizima, akamwambia mwanawe amrudishe tu nyumbani.

Athman alipiga simu akiwa na hasira. Nilimsikia, maana Bi Zena aliiweka kwenye sauti kubwa. "Itupeni baharini kompyuta hiyo! Baba si wa mambo hayo."

"Yenyewe haikufanya kosa," Mkalimani alisema. Kisha akanigeukia. "Ifunge, mwanangu. Ifunge kama inavyofungwa ya mtoto. Au zaidi."

Hivyo ndivyo nilivyoifunga. Niliifuta yote, nikaianza upya. Nikaweka akaunti mbili: ya msimamizi, ambayo ni mimi, na yake, isiyoweza kuongeza programu wala kubadilisha chochote. Nikaondoa kila kitu kwenye skrini yake, nikabakisha picha tatu kubwa. Moja ya Qurani, moja ya kumwona Athman na wajukuu, moja ya kurasa za habari nilizozichagua mwenyewe. Ujumbe kutoka kwa mtu asiye katika majina niliyoyakubali ungerudi ulikotoka, wala yeye asingejua kwamba umefika. Nyekundu na ving'ora visingeweza kuingia tena. Alikaa karibu yangu muda wote, na kila nilipoondoa kitu aliuliza ni nini, nikamwambia, naye akaitikia kwa kichwa.

"Na karatasi za watu?" aliuliza. "Wa Faza na kule?"

"Hizo ndizo njia wanazoingilia, Ami. Mtu hutuma karatasi, kumbe ndani mna kitu kingine."

"Basi nazo."

Nilipofika kwenye neno la siri la msimamizi, nikamwambia nitamwachia Bi Zena, liwe kwao ikiwa mimi sipo.

"La," alisema haraka. "Kaa nalo wewe. Zena usimpe, atanipa mimi nikimwomba. Na mimi usinambie neno la siri, mwanangu. Nikiulizwa, nitajibu."

Alisema hivyo bila kutaka kuhurumiwa. Alikuwa akinipa habari tu ya mtu anayemjua vizuri.

Kompyuta ikawa salama. Athman alipokuja Idi aliikagua, akanishukuru, akasema sasa analala. Na ni kweli, hakuna mwizi aliyeingia tena. Hakuna mtu mwingine aliyeingia pia. Wenye hati zao walituma, zikarudi. Wakatuma tena, zikarudi. Wakaelewa kuwa mzee hataki tena. Waliokuwa wakija kwa miguu nao walipungua, kwa sababu mji ulikuwa umeshazungumza. Hawakusema kwamba ni mwizi. Walisema amezeeka, na kwa mtu aliyeishi kwa ulimi wake sijui lipi lilikuwa zito zaidi. Mtu mmoja aliupeleka mkataba wa kijana wake kwa karani wa mjini, asiyejua Kiingereza nusu ya Mkalimani, akapita nao chini ya dirisha lake.

Wakati mwingine alisahau mpaka wake, akabonyeza mahali nilipopafunga. Hapo maandishi yalitokea: huna ruhusa, wasiliana na msimamizi wako. Bi Zena alinieleza kwamba aliyasoma kwa sauti kwa Kiingereza, kisha akayasema kwa Kiamu, pole pole, ingawa hapakuwa na mtu chumbani wa kufasiriwa. Mara mbili tatu alishuka mpaka kibandani kwangu, amevaa koti, akasimama nje ya kaunta.

"Msimamizi yupo?" aliniuliza.

"Nipo, Ami. Wataka nikufungulie kitu?"

"Sitaki. Nimekuja kukwambia kwamba nilijaribu. Nilitaka kuandika tu, sikumbuki kwa nani. Nimeona unapaswa kuyua."

Nilimwambia ningeweza kumlegezea kidogo, walau apokee karatasi kupitia kwangu nizikague kwanza. Alikataa. Nilimbembeleza mara kwa mara, kwa vile nilimwona akidhoofika, na kila mara alikataa, mpaka siku moja akanambia, "Lali mato yake yakifunguka, nawe nifungulie." Macho hayo hayangefunguka, basi sikulitaja tena.

Alikuwa hajakwenda Ndau tangu jambo lile. Alipiga simu tu, salamu, afya, mvua. Mwishowe Bi Zena alisema, "Wewe ulikuwa ukila na mtu yule sahani moja," akamtolea koti lililopigwa pasi, na akaniomba nifuatane nao. Tulikwenda kwa boti ya injini, tumekaa juu ya magunia ya unga na katoni za sabuni. Mkalimani alishika mwavuli wake uliofungwa mpaka tukafika.

Mzee Lali alikuwa ameketi ukumbini, mnene, amenyolewa vizuri, macho wazi kabisa. Ndilo lililonitisha; macho yenyewe yalikuwa mazuri. Mkalimani alipotoa salamu, yule mzee aliinua uso akaliita jina lake, jina lake hasa, kwa sauti ileile ya mlangoni pa mahakama. Ndiyo mara pekee nililisikia likitamkwa kwa ukamilifu, na nusu ya Ndau ililisikia pia.

Walishikana mikono, wakakaa hivyo. Kahawa ikaletwa. Mzee Lali akaulizia watu wa Amu, nani kafa, nani kaoa. Mkalimani alijibu yote. Kisha akasema, "Lali, nimekuya kwa jambo moja."

"Nalijua. Liwate lipite."

"Siwezi."

Mzee Lali akachezea kikombe. "Mkaza mwanangu aliponisomea yale maneno," alisema, "niliyua si yako. 'Usaidizi wa haraka.' Wewe husemi hivyo. Hakukuwa na salamu, hakukuwa na bismillahi. Nikamwambia, soma tena. Akasoma tena. Nikasema huyu siye."

Mkalimani alimkodolea macho. "Uliyua?"

"Niliyua. Halafu nikakaa nikawaza: na ikiwa ndiye? Ikiwa yuko kitandani huko, na maradhi yamemwondolea maneno yake, hana tena ila haya? Nikakupigia simu, simu yako imezimwa. Nikasema, mtu akifikia kuomba hivi, ameshafika mbali." Akatafuta goti la mwenziwe kwa mkono, akalipata. "Nikatuma. Usinambie nisamehe tena. Kila ukipiga simu waniambia hilo, hata usiposema."

Mkalimani alilia. Hakujificha, wala hakujifuta. Bi Zena na mimi tukatoka uani tukamsaidia mke wa mwanawe kukuna nazi, tukarudi chakula kilipoiva. Walikula sahani moja. Nilimwona Mkalimani akimwekea mwenziwe samaki mbele ya vidole vyake.

Nilidhani safari ile ingemfungua. Kwenye boti nilimwambia, "Ami, sasa?" Akatikisa kichwa. Kusamehewa na kufunguliwa yalikuwa kwake mambo mawili mbalimbali, na sikuweza kumchanganyia.

Miezi ile ya mwisho alikuwa akila kidogo. Nguo zilimpwaya. Macho yake yalipogeuka manjano, Athman alikuja kwa ndege ya asubuhi, tukampeleka hospitali. Wakati huo alikuwapo daktari mgeni kutoka ng'ambo, mwanamke mwenye nywele fupi za mvi, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye jambo na ahsante. Alimpima, akampeleka kwenye mashine, akarudi na picha mkononi. Mkalimani alikuwa amelala, amefumba macho. Bi Zena alikaa kwenye ukingo wa kitanda, ameushika mguu wake. Mimi nilisimama dirishani.

Daktari alizungumza na Athman miguuni pa kitanda, kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. Nilielewa nusu, na nusu ile ilinitosha. Athman alikunja uso, akamjibu kwa Kiingereza pia. Daktari akasita, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Wasemani?" Bi Zena aliuliza.

"Asema baba amechoka," Athman alisema. "Apumzike, ale vizuri. Atapata nafuu, inshallah."

Mkalimani akafumbua macho. "Nikalisheni," alisema.

Tukamwinua, tukamwekea mito. Alitaka koti. Halikuwapo, tulikuwa tumeliacha nyumbani, basi akaufunga kwa vidole vyake ukosi wa shati la hospitali. Kisha akamtazama mkewe na akaanza kusema, kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kuisikia, pana, isiyo na haraka, haina furaha wala huzuni.

"Mimi daktari nasema: ini la mzee huyu lina saratani, na imeshasambaa. Upasuaji haufai. Dawa za kutibu hazifai. Mpelekeni nyumbani akakae na watu wake. Sidhani atauona mwezi wa Ramadhani." Akavuta pumzi. "Mimi mwanawe nasema: nakuomba, usimwambie. Na mama asiyue."

Athman alijifunika uso kwa mikono miwili. Daktari alitutazama mmoja mmoja, hajui kilichosemwa, ila ameona kwamba kimesemwa.

Bi Zena hakuuachia mguu. Akamwambia mumewe, "Muulize, nimpe chakula gani?"

Mkalimani akamgeukia daktari, akauliza kwa Kiingereza chake cha mahakamani. Daktari akastaajabu, akamtazama Athman, kisha akamjibu yeye mwenyewe aliyeuliza. Mkalimani akamgeukia mkewe. "Asema, anachokitamani. Kidogo kidogo."

"Muulize, aweza kuoga mai ya kisima?"

Akauliza. "Asema aweza."

"Muulize, ataumia?"

Safari hii alikawia, na nilidhani hataliuliza. Aliliuliza. Daktari alikaa kitandani upande wa pili, akaweka picha chini, akamjibu akimtazama machoni.

"Asema naam," Mkalimani akafasiri. "Asema zipo dawa za kupunguza, hazipo za kuondoa."

Bi Zena akaitikia kwa kichwa. Akainama chini ya kitanda, akavitoa viatu vya mumewe, akavipanga sawa, akaanza kumvisha kimoja.

"Haya, twende zetu nyumbani," alisema.

Mkalimani alifungua kinywa ili aligeuze na hilo kwa Kiingereza, lakini daktari alikuwa ameshainuka, ameshika kiatu cha pili.